Kikundi cha "Ukoo wa Temeke": kesho ni Nigeria

Jumatatu, 22 Desemba 2025

Shangazi Tanga: Asalaam aleikum. Nimeshuka Mbagala na nazi zangu kumi, hakuna anayepokea simu. Kesho kwa Baba mnakula saa ngapi?

Baba Nasra: Waaleikum salaam shangazi, samahani simu ilikuwa chaji. Kesho chakula kiwe tayari kabla ya saa mbili. Saa mbili na nusu Taifa Stars na Nigeria. Atakayechelewa ale ukoko.

Shangazi Tanga: Siku hizi mpira ndio unapanga sufuria.

Baba Nasra: Vumilia shangazi. AFCON tumeenda mara nne tu tangu dunia iumbwe. 1980, 2019, ile ya Ivory Coast, na hii.

Dogo Dodoma: Shikamooni. Kaka mbona hujaandika tumeshinda mechi ngapi 😂

Dada Rehema: Sifuri.

Dogo Dodoma: Mechi tisa, sare tatu, vipigo sita, magoli ya kufunga sita. Nimehesabu kwenye basi, kutoka Gairo mpaka Morogoro sikuwa na kazi nyingine.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Dada Rehema: Shikamoo Babu. Jamani nani kasikiliza? Niko kwenye daladala, spika yangu imekufa.

Mama Nasra: Ngoja nikuandikie wifi. Babu anasema 1980 pia tulianza na Nigeria, kwao Lagos, tukafungwa 3-1, goli letu Juma Mkambi. Alikuwa zamu bandarini na wenzake, wana redio moja. Betri walizianika juu ya bati mchana kutwa zipate nguvu ya usiku. Kipindi cha pili zikafa.

Babu: SIO KIPINDI CHA PILI. KABLA YA MAPUMZIKO. GOLI LA MKAMBI SIKULISIKIA NIMEHADITHIWA

Mama Nasra: Nisamehe Babu. Halafu anasema Misri wakatufunga 2-1, na Ivory Coast tukatoka 1-1, magoli yetu yote mawili Thuwein Ally. Na kwamba tulifika huko kwa goli la Peter Tino kule Ndola, wakati Zambia walishajihesabu wamefuzu.

Dada Rehema: Kwa hiyo miaka 45 sasa Babu anadai goli lake moja la Nigeria 😭

Mjomba Maskati: Salaam zenu. Huku kwetu itakuwa saa tatu na nusu, nshaomba ruhusa kazini. Mie nasema Nigeria hawa si wa kuogopwa. Kongo kawatoa mwezi uliopita kwa penalti, Kombe la Dunia wataliangalia kwenye TV kama sie.

Baba Nasra: Hapo ndipo penye ubaya mjomba. Mtu katoka kunyang'anywa tonge mdomoni, wa kwanza kukutana naye ni wewe. Osimhen mchezaji bora wa Afrika 2023, Lookman 2024, wote wawili mstari mmoja. Mabeki wetu Bacca na Job leo walale na viatu.

Mjomba Maskati: Mbona jana Wangazija wamewabana Morocco kipindi cha kwanza chote, mpaka penalti wakaidaka?

Dogo Dodoma: Kikafika cha pili mjomba. Ile tikitaka ya El Kaabi sijui kama kipa aliiona.

Dada Rehema: Na sisi tumebadilisha kocha mwezi uliopita. Hivi nani anabadilisha dereva basi likiwa Chalinze?

Baba Nasra: Gamondi usimguse.

Dada Rehema: Najua kwa nini unampenda.

Baba Nasra: 5

Dada Rehema: Haya, ameanza.

Baba Nasra: 1 😂😂😂 Novemba 2023, Gamondi akiwa Yanga, hatujasahau

Babu: U SIMBA NA U YANGA PELEKENI HUKO

Dada Rehema: Sawa Babu. Mimi namsemea kocha aliyeondoka, Hemed Morocco. Ndiye aliyetufuzisha. Siku ya Guinea pale kwa Mkapa, Novemba mwaka jana, Msuva alipofunga nilimrukia baba mmoja nisiyemjua, kandambili yangu ikaenda safu ya chini. Nimerudi Temeke na mguu mmoja, na sikujuta.

Baba Nasra: Na huyohuyo kafungwa na Niger nyumbani, kisha Zambia, nyumbani tena, Kombe la Dunia likatupita. Ukweli tuuseme.

Mjomba Maskati: Useme Niger, useme Zambia, Amaan usiutaje. Uwanja haukufanya kosa lolote 😄

Shemeji Kampala: Mimi nanyamaza tu. Tarehe 27 tutaongea.

Dogo Dodoma: Huyu hapa 😂 Shemeji tulijua upo, tiki za bluu tunaziona.

Shemeji Kampala: Uganda ilicheza fainali 1978. Fainali, ssebo! Nyinyi mnatafuta ushindi wa kwanza.

Dada Rehema: Na Machi 2019 pale Dar? 3-0, shemeji.

Shemeji Kampala: Tulikuwa tumeshafuzu. Tuliwapa zawadi.

Dada Rehema: Zawadi, au sehemu ya mahari?

Shangazi Tanga: Kwani mahari alimaliza?

Shemeji Kampala: Banange! Shangazi!

Shemeji Kampala: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Dogo Dodoma: 😂😂😂😂 nimeusoma kabla haujafutwa

Baba Nasra: Tuwe makini sasa. Mimi naliona kundi hivi. Kesho tusifungwe nyingi, basi. Mechi yetu ni ya shemeji. Tunisia siwagusi kabisa, wale wamecheza mechi kumi za kufuzu Kombe la Dunia bila kuruhusu goli hata moja. Kumi!

Dogo Dodoma: Hatuhitaji hata kuwafunga. Makundi yako sita, wawili wa juu wanapita, halafu wanaongezwa wanne bora kati ya walioshika nafasi ya tatu. Ivory Coast mwaka jana walipigwa 4-0 kwao na Guinea ya Ikweta, wakapita na pointi 3 tu. Wakaachana na kocha katikati ya mashindano, wakachukua kombe. Dada, na wao basi lao lilikuwa Chalinze 😅

Dada Rehema: Tukipata sare mbili je?

Dogo Dodoma: Pointi 2... mwaka jana tulikuwa nazo tukashika mkia. Ila kundi likibana lolote linawezekana.

Dada Rehema: Mimi nawaambia tatizo letu, na sio kocha. Tukipata goli tunaogopa. Zambia kule San Pedro, Msuva kafunga dakika ya 11, Zambia kapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, wao kumi sisi kumi na moja. Badala ya kwenda kutafuta la pili tukarudi wote nyuma kama tunalinda mahindi na nyani. Dakika ya 88 Daka akatupiga goli la jioni. Ile mechi ndiyo ilikuwa ushindi wetu wa kwanza, tuliubeba mkononi tukauangusha mlangoni.

Mama Nasra: Siku ile Baba Nasra hakula.

Baba Nasra: Nilikula.

Mama Nasra: Saa sita usiku, wali wa baridi, umesimama.

Mjomba Maskati: Fei akipewa nafasi nyuma ya straika hiyo hofu itapungua. Mpeni mpira kijana wa Unguja muone.

Baba Nasra: Na Novatus pale kati. Osimhen anamjua, wako ligi moja Uturuki. Halafu kesho ni siku ya kuzaliwa ya Samatta, anatimiza 33. Akifunga mimi namnunulia Shangazi kitenge.

Shangazi Tanga: Samatta nimemshika. Doti mbili.

Dada Rehema: Utabiri jamani. Mimi 2-1 tunafungwa, lakini goli tunapata.

Mjomba Maskati: 1-1

Dogo Dodoma: 1-1

Baba Nasra: Moyo 1-0. Akili 3-0, wao.

Shemeji Kampala: Kesho niko na Tanzania. Kesho tu.

Mama Nasra: Kabla hamjalala, king'amuzi cha Babu kimelipiwa? Agosti robo fainali ya CHAN na Morocco kiliandika "kifurushi kimekwisha", Babu akaangalia yale maandishi mpaka mpira ukaisha.

Baba Nasra: Si zamu ya Dogo?

Dogo Dodoma: Mimi mwanafunzi kaka 😭

Mjomba Maskati: Nshatuma kwa Rehema. Lipa cha mwezi mzima, na inayobaki nyama ya pilau.

Dada Rehema: Imefika mjomba, Allah akuzidishie. Nalipa sasa hivi. Umeme je? Jana Temeke ulikatika saa mbili.

Babu: REDIO IPO

Baba Nasra: Babu ile redio si ilikufa?

Babu: NIMENUNUA BETRI. NNE. MPYA