Mrejesho: kitufe cha kuongeza picha sasa kinafanya kazi

Habari zenu wakuu. Niliwauliza kuhusu kitufe cha kuongeza picha kwenye kihariri cha WordPress (mfumo wa kutengeneza tovuti): ukikibofya hakifungui dirisha la maktaba, wala hakuna ujumbe wa hitilafu. Tatizo limekwisha, na si haki ninyamaze.

Kufuta kache hakukusaidia, kubadilisha kivinjari vilevile. Kilichofungua njia ni ushauri wa kubonyeza F12 na kutazama konsoli, sehemu ya kivinjari inayoonyesha hitilafu za ukurasa. Palikuwa na mstari mwekundu wa hitilafu ya JavaScript, na faili lililotajwa lilikuwa ndani ya folda ya programu-jalizi (nyongeza ya WordPress) ya slaidi. Programu-jalizi hiyo ilikuwa inapakia nakala yake ya zamani ya jQuery (msimbo wa JavaScript ambao skripti nyingine huutegemea) juu ya ile inayokuja na WordPress. Skripti moja ikikwama, zinazoitegemea nazo hukwama, ndiyo maana kitufe kinaonekana kizima lakini hakiitiki.

Nilithibitisha kwa programu-jalizi ya Health Check & Troubleshooting, ambayo huzima nyingine kwa msimamizi peke yake huku wageni wakiiona tovuti kama kawaida. Kwa tovuti inayotembelewa, hii ni bora mno kuliko kuzima zote kwa pamoja. Ile ya slaidi nimeiondoa.

Aliyependekeza define('CONCATENATE_SCRIPTS', false); kwenye wp-config.php (faili la mipangilio ya WordPress): nilijaribu, kwangu haikubadilisha kitu, maana huzuia tu skripti kuunganishwa. Na wewe ulienielekeza kwenye konsoli, asante sana ndugu yangu, umeniokoa.