Tupeane uzoefu: chakula, mwili na sisi vijana wa transijenda hapa Nairobi

Mwenye uzi
Wapendwa, sisi transijenda, yaani tunaojitambua kwa jinsia tofauti na ile tuliyoandikiwa tulipozaliwa, humu tunaongea kila siku kuhusu vitambulisho na nyumba za kupanga, lakini habari ya chakula hatuigusi. Na si jambo dogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015, wa wanafunzi wa vyuo zaidi ya 289,000, ulikuta karibu 16 kati ya kila wanafunzi 100 wa transijenda walikuwa wameambiwa wana ugonjwa wa ulaji (shida ya akili inayomfanya mtu ajinyime chakula au ale bila kiasi), au kuutibiwa, mwaka uliotangulia. Wanawake wasio transijenda wanaovutiwa na wanaume hawakufika 2. Hapa kwetu kuna anayelala njaa kwa kukosa hela na anayelala njaa kwa kupenda, na jirani hawezi kuwatofautisha. Anayeweza aandike. Ila kilo, saizi na mbinu za kujinyima tuziache, wadogo wetu wanasoma.

Kijana wa Umoja
Mimi nilipojinyima chakula sikutafuta urembo. Nilitaka hedhi ikome na nyonga zisitoke. Ikakoma kweli, nikafurahi. Kumbe mwili ukikosa chakula huzima mambo ya uzazi kwanza ili ujihifadhi, na mifupa ndiyo inayolipa. Daktari aliniuliza tena na tena kama nataka kuwa mwembamba kama wale wasichana wa mitandaoni. Nikasema hapana, akaandika sina shida. Angeniuliza ni sehemu gani ya mwili wangu nisiyoweza kuitazama, ningemjibu papo hapo.

Binti Eastleigh
Kwangu ni mabega. Nilidhani nikila kidogo yatapungua. Dada zangu, mfupa haupungui kwa njaa. Viatu vinavyonitosha Gikomba viko upande wa wanaume, na muuzaji hulitangaza hilo soko zima lisikie. Siku hiyo sili.

Halafu ukikonda mjini hapa ni moja kati ya mawili: "umependeza!" au wananong'ona kwamba umeanza kuugua. Shangazi zangu waliniletea uji wa wimbi na maombi. Uji nilimpa mdogo wangu.

Mzee wa Rongai
Niongeze la kubana kifua ili matiti yasionekane. Vijana, msijifunge bandeji wala selotepu, mbavu zitaumia na pumzi itakata. Kuna fulana zilizoshonwa kwa kazi hiyo. Usiivae zaidi ya muda wa saa 8 kwa siku, na usilale nayo. Na ukibanwa sana hata kushiba huwezi, sahani inarudi jikoni ikiwa nusu, watu wakidhani unaringa.

Njeri_tu
Nimesoma yote. Yangu siwezi kuyaandika bado.

Mama wa mmoja wenu
Wanangu, hamjambo. Wangu ana miaka 16. Kila jioni ananiambia ameshiba shuleni, nami naona suruali zinamvuka. Baba yake anataka tumkalishe mezani mpaka amalize ugali. Nifanye nini?

Mwenye uzi
Karibu sana, Mama. Kula naye pamoja, hilo ni jema, lakini ugomvi wa sahani uacheni. Mwili wake msiusifu wala kuukosoa, hata kwa utani. Mpeleke apimwe presha, mapigo ya moyo na damu, hasa potasiamu, maana ikishuka sana moyo unaweza kusimama ghafla. Kama amekaa muda mrefu bila kula vizuri, msimshindilie chakula kingi kwa mara moja. Hapo nako kuna hatari, na daktari ndiye atakayesema aongeze vipi. Simu za bure za kuzungumza na mtu: 116 ya watoto, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Mama wa mmoja wenu
Asante, mwanangu. Leo alishikwa na kizunguzungu akipanda ngazi, akaanguka. Nilikuwa nimepanga kliniki Jumatatu.

Mwenye uzi
Mama, usingoje Jumatatu. Mpeleke kasualti, idara ya dharura hospitalini, sasa hivi, haifungwi usiku. Waambie ameanguka na kwamba hali chakula, yote mawili, maana wakisikia kizunguzungu peke yake watampa dawa ya malaria wamrudishe nyumbani.