Nani aliwaambia mtoto wa kwanza hula makombo ya nyumba ya pili?

Wadau wa Nakuru, Kisumu na Kakamega, leo mtanivumilia maana nimekasirika. Kila mara mtu anabandika hapa hesabu yake ya matunzo ya mtoto, na upuzi ni uleule: baba ameoa tena, ana watoto wawili wapya, basi anaondoa kwanza kodi, chakula na karo ya nyumba mpya, na kilichobaki ndicho anamtumia wa kwanza. Halafu mnampigia makofi!

Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inamwachia hakimu apime mapato na uwezo wa kila mzazi, mahitaji ya mtoto, afya yake, masomo yake, na pia wajibu wa mzazi huyo kwa watoto wengine. Naam, watoto wengine wamo. Lakini hawajawekwa mbele ya foleni.

Na mnaoleta vikokotoo mlivyovitoa kwenye intaneti, tafadhali. Ile ya asilimia 12 kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili na 19 kwa watatu na zaidi ni ya Uingereza. Kule kuna shirika la serikali linalopiga hesabu kwa kanuni maalumu, na mzazi akiwa na watoto wengine nyumbani mapato yake hupunguzwa kwanza kwa asilimia 11, 14 au 16 kulingana na idadi yao. Kwetu hakuna asilimia iliyowekwa. Ukimpelekea hakimu wa Kisumu kikokotoo cha London atakuuliza risiti ziko wapi.

Kuna pia wanaoimba "theluthi ya mshahara ni ya mtoto". Hiyo theluthi imetoka kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19: makato yote ya mwajiri yasizidi theluthi mbili za mshahara. Ni kinga ya mfanyakazi. Haisemi chochote kuhusu mtoto apewe ngapi.

Sasa hesabu yenyewe. Anza na mtoto, usianze na mshahara. Chukua mtoto wa gredi ya tano anayeishi na mama yake Nakuru. Chakula 6,000 kwa mwezi. Nyumba ni ya 8,000 na wanaishi wawili, kwa hiyo fungu lake ni 4,000 (akina mama wengi huandika kodi nzima, na wakili wa upande wa pili huanzia hapohapo kuwararua). Karo ya shule ya kibinafsi 30,000 kwa muhula, mara tatu ni 90,000, gawanya kwa 12 upate 7,500. Sare, viatu na vitabu 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi. Nauli 1,500. Jumla 20,000.

Halafu mapato ya wazazi wote wawili baada ya makato ya lazima tu: kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Mkopo wa sacco si makato ya lazima. Huu ndio ujanja ninaouchukia kuliko yote: mtu anapata 60,000 mkononi, anasikia kesi inakuja, anakopa gari, kisha analeta hati ya mshahara yenye 21,000 chini. Ombeni hati za miezi sita au kumi na miwili, kabla na baada ya kutengana. Tarehe ya mkopo itasema yenyewe.

Tuseme baba ana 60,000, mama 20,000. Uwezo wao ni tatu kwa moja, kwa hiyo katika ile 20,000 baba angebeba 15,000 na mama 5,000. Sasa ingiza watoto wawili wapya, nao wana mahitaji ya 20,000 kila mmoja. Mke mpya naye ana duka, anapata 20,000. Hapa ndipo mnapodanganyana: mnamhesabu kama mzigo wakati yeye ni mzazi mwenye wajibu kwa watoto wake. Kwa kipimo kilekile cha tatu kwa moja, katika 40,000 ya watoto hao wawili baba anabeba 30,000. Jumla kwa watoto watatu ni 45,000, na anabaki na 15,000 ya kuishi. Haitoshi, sawa. Tuseme akionyesha gharama zake halisi inaonekana anaweza 36,000. Punguzeni kwa wote watatu: 12,000 kila mmoja. Pengo linalobaki ni la kujadili shule ya bei nafuu, na shule hiyo iwe nafuu kwa wote, si kwa mmoja.

Linganisha na hesabu ya vikao vyenu, ile ya kuanza na nyumba mpya: ondoa 40,000 ya nyumba mpya, ondoa 15,000 ya baba, mtoto wa kwanza anapata 5,000, na duka la mke mpya halikutajwa popote. Elfu saba kwa mwezi imepotea kwa sababu tu ya mpangilio wa kutoa. Hiyo tatu kwa moja nayo haimo kwenye sheria, hakimu anaweza kufika kwingine. Ila hesabu iliyopangwa hivi kwenye kiapo cha mapato (maelezo ya mapato na gharama unayoapia kortini) anaweza kuifuata mstari kwa mstari, na ya kikao haiwezi hata kuelezwa.

Kwa wasio na hati ya mshahara: taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Lakini msijumlishe safu ya pesa zilizoingia mkasema ndiyo mapato. Humo kuna Fuliza (mkopo wa M-Pesa), kuna pesa alizojitumia mwenyewe kutoka benki, kuna za kununulia bidhaa. Bodaboda anayeingiza 1,200 kwa siku, akatoa mafuta 400 na 300 ya mwenye pikipiki, ana 500. Kwa siku 26 ni 13,000. Ukimdai 15,000 umejitengenezea agizo lisilotekelezeka.

Jambo la mwisho kabla sijatukana mtu: agizo likishatoka, kuzaliwa kwa mtoto mwingine hakulipunguzi. Agizo ni la 12,000, wewe unatuma 5,000 kwa miezi kumi "kwa sababu majukumu yameongezeka", unadaiwa 70,000. Rudi korti ileile uombe agizo libadilishwe, ukiambatanisha vyeti vya kuzaliwa vya watoto wapya, mapato ya mwenzako na hati zako za sasa. Hadi hapo deni linapanda, na hata kufungwa jela kwa ajili ya deni hilo hakulifuti.

JIBU, Bungoma:
Umesahau wakulima wa miwa. Huku pesa huingia kwa mkupuo, baada ya mwaka na zaidi. Agizo la kila mwezi huwa deni tangu mwezi wa pili. Afadhali kugawa majukumu: baba alipe karo ya muhula moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na risiti ibaki kwenye faili, halafu chakula kiwe kiasi kidogo cha kila mwezi. Makorti hugawa hivyo mara nyingi. Na mtoto ambaye mke mpya alikuja naye? Ukimkubali kama wa familia yako anaweza kuhesabiwa, lakini babake mzazi naye aulizwe yuko wapi kabla hujamtumia kupunguza wa damu yako.

JIBU, Kondele:
Akina mama pia wasikie: kuolewa kwako tena hakumwondolei baba wajibu, lakini mapato yako mapya utayaandika. Ukiyaficha, kiapo chako chote kinatiliwa shaka.

MWENYE UZI:
Kweli kabisa, wote wawili. Niongeze kwa wanaopatana kwa chifu au kwa afisa wa watoto: andikeni kiasi, tarehe ya mwezi, nambari itakayopokea, nani anamwandikisha mtoto kwenye bima ya SHA, na nani analipa karo ikipanda. Kisha mkataba upelekwe Mahakama ya Watoto ukubaliwe kuwa agizo, maana karatasi ya kwa chifu peke yake haimkati mtu mshahara. Mwanamke asiye na pesa za wakili aende FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana afisi Kisumu. Na anayetaka kunijibu kwa asilimia alete kwanza risiti za karo.