Nimelinganisha majibu ya IELTS na mwenzangu, karibu yote yamepishana. Kuna kupona hapa?

kalamu_ya_bluu:
Wakuu habari za jioni. Jumamosi nimepiga pepa la IELTS Academic hapa Dar, mtihani wa kupima Kiingereza, ile ya kompyuta, nataka kwenda kusoma masters Uingereza na chuo kinataka bendi (alama zake, mwisho 9) ya 6.5 jumla na isishuke chini ya 6 popote, iwe kusoma, kusikiliza, kuandika au kuongea. Sasa tulivyotoka mimi na dada mmoja ambaye tulikuwa tunajiandaa pamoja tukapanda daladala ya Mwenge, tukaanza kulinganisha kama tulivyozoea toka enzi za NECTA, na yeye ana kichwa kikali balaa, ananitajia za kusoma "27 B, 28 D, 29 A" na mimi zote nina vingine. Zile za True, False na Not Given ndo usiseme, katika sita tumepatana moja. Nimeshuka kituo kimoja kabla ya changu kwa mawazo. Yeye Kiingereza ananizidi mbali kwa hiyo nikajua aliyekosa ni mimi tu. Usingizi sipati na hela ya mtihani yenyewe nilikopa.

mama_pacha:
Pole mdogo wangu, punguza presha kwanza. Kusoma ni maswali 40, ukipata kama 30 ni bendi 7, na 6.5 inaanzia kwenye 27 hivi, yaani unaweza kukosa 13 na ukapanda ndege. Na jibu la kukosea halikatwi maksi.
Ila huo mchezo wa kulinganisha mimi ulishaniponza. Tulikuwa tunasubiri zamu ya kuongea, kaka mmoja wa sauti kubwa akasema jibu la kwenye kusikiliza lina "s" mwishoni, mimi sikuweka. Hiyo "s" nikaingia nayo kwa mtahini wa kuongea, ananiuliza kuhusu mtaa ninaoishi namjibu "yes", "no", kama niko polisi naandika maelezo. Kusikiliza nikapata 7.5, kuongea 5.5. Nikalipa upya.

bishoo_mstaafu:
Not Given imezika wengi ndugu. Kifungu cha habari unachosoma kimesema mzee kanunua mashua mbili, swali linasema mashua zilikuwa bei kali. Mtu anaona aah mashua lazima iwe ghali, anaweka True. Mwingine haoni bei popote anaweka False. Wote chali, maana False ni mpaka kifungu kipinge, kikikaa kimya ni Not Given. Na hapo wenye Kiingereza kizuri ndo wanaanguka sana, wanajiongeza. Kwa hiyo usimfanye huyo dada kuwa ndo karatasi ya majibu.

chai_ya_rangi:
Matokeo yakija hujaridhika unaomba wasahihishe upya, ni ndani ya wiki 6, unalipia ila bendi ikipanda wanakurudishia hela yako. Kwa sasa lala.

mzee_wa_kona:
Swali moja dogo. Kwenye daladala mlikuwa mnataja herufi tupu au mlikuwa mnakumbushana na maswali yenyewe? Maana ya kompyuta mnaweza kukaa chumba kimoja viti vinagusana na kila mtu ana pepa yake. Mpigie umuulize kifungu chake cha tatu kilihusu nini. Ila usije ukakiandika hapa, mlisaini kutotoa maswali nje.

kalamu_ya_bluu:
Herufi tupu mzee, konda alikuwa anapiga kelele hata maswali usingesikia. Ngoja nimpigie.

kalamu_ya_bluu:
Jamani. JAMANI. Hiyo mada anayoitaja mimi sijakutana nayo popote, siyo cha tatu, siyo cha pili wala cha kwanza. Yaani tumebishana njia nzima mpaka mama wa siti ya mbele akatugeukia, kila mtu anatetea pepa yake.

mama_pacha:
😂😂😂 sasa ile moja mliyopatana?

kalamu_ya_bluu:
Bahati nasibu dada yangu. Mbaya zaidi sasa asiyelala ni yeye, alikuwa ameshajihesabia bendi 8 kwa kuangalia nilivyokuwa nimenywea mimi, na nyumbani ameshawaambia.

bishoo_mstaafu:
Mwambie aje hapa tumpe pole.