Kutoa kontroli boksi ya Defender Td5: naomba ushauri

Msafiri_110: Wakuu, nina Land Rover Defender 110 ya Td5 (injini ya dizeli ya silinda tano), ya 2003. Ikiwa ya baridi haina shida. Ikishapata moto, hasa mlimani, inamisi na nguvu zinakata. Fundi anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) limekufa, nilitoe nimpe akanitafutie la mtumba. Spana najua kushika, umeme siujui. Linakaa wapi?

Spana_Kumi: Chini ya kiti cha kulia. Toa mto wa kiti, fungua kifuniko cha bati, utaliona na soketi mbili, nyeusi na nyekundu. Ila usimpe mtu boksi bado! Chomoa ile nyekundu uchungulie. Ukikuta oili, boksi linasingiziwa.

Msafiri_110: Oili chini ya kiti? Injini si iko mbele?

Spana_Kumi: Waya za nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye injini) zinapita ndani ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, zinaogelea kwenye oili miaka yote. Zikichoka, oili inapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, inatembea mpaka kwenye soketi.

BiMkubwa_4x4: Kabla ya kugusa chochote zima switchi, kisha toa waya wa hasi wa betri, iko chini ya kiti cha kushoto. King'ora kikilia usikimbie. Gusa chuma cha bodi kwanza, mwili usibaki na umeme. Soketi ishike yenyewe, fungua kishikio chake. Ukivuta waya utakuja kulia hapa tena. Safisha kwa kontakti klina (dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi za umeme), acha ikauke. Petroli HAPANA.

Spana_Kumi: Na hilo la mtumba, mwulize fundi wako ana kompyuta ya kuandika kodi (namba za utambulisho) za nozeli zote 5 na kulioanisha na alamu? Bila kulioanisha gari haliwaki.

Msafiri_110: Nilimwuliza. Akasema "tutaona".

BiMkubwa_4x4: Tutaona 😂

Msafiri_110: Mrejesho, wakuu. Soketi nyekundu ilikuwa inang'aa oili kama sufuria ya chapati. Nimesafisha, leo nimepanda mlima uleule bila kumisi. Boksi sijalifungua hata bolti moja.

Spana_Kumi: Safi. Sasa nunua waya mpya za nozeli, na hiyo soketi uirudie baada ya wiki mbili, maana oili iliyobaki njiani itaendelea kuja.