Niliwaambia hapa panakaa JINA, wakaandika jina la mdhamini!!

Wadau, nimeleta hili hapa kwa sababu simu zangu hazishikwi tena.

Mmeiona ile leso (kanga) kubwa ya vifuniko vya soda iliyosimamishwa kando ya barabara, watu wanapigia picha kutwa? Wekundu wote wa upande wa kushoto umetoka mikononi mwangu. Wiki 7 katika banda la Kamukunji, kelele za mabati mpaka masikio yanaziba. Kifuniko unakigonga nyundo kiwe bapa, unakitoboa matundu 4 kwa msumari, unakifunga na mwenzake kwa waya wa shaba. Yale meno yake yanakata, we acha tu. Hadi leo kidole gumba hakishiki sindano vizuri, na riziki yangu ni kupinda leso.

Mwanzoni wenye mradi walituonyesha picha za kazi za El Anatsui, yule msanii Mghana wa vifuniko vya chupa aliyefanyia kazi Nsukka, Nigeria, miaka mingi. Wakasema tufanye kama hizo ila iwe leso. Sawa. Mimi mzaliwa wa Majengo, Pumwani, leso naijua tangu kubebwa mgongoni, nikawachorea: pindo linazunguka pande zote 4, katikati mji, ile sehemu ya ndani yenye mapambo, na chini ya mji, juu kidogo ya pindo, panakaa jina. Nikamwonyesha msimamizi kwa kidole. "Hapa jina." Akaandika kwenye daftari lake.

Jamani, jina la leso ni yale MANENO! Bibi yangu hakununua leso mpaka asomewe jina, hata maua yapendeze vipi. Sisi akina mama bandani tulishachagua WEMA HAUOZI, tukingoja kuulizwa. Siku ya uzinduzi pazia linavutwa, naona jina la kampuni iliyotoa pesa limekaa ndani ya kile kisanduku cha jina, herufi nyeupe pee. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Sasa hii mtu amvalie nani, amwambie nini?"

Pindo la juu halipo kabisa. Eti vifuniko viliisha. Waya nao ni wa shaba, uko nje usiku kucha bila mlinzi, Nairobi hii hii, watajua wenyewe.

Tuje kwa pesa. Tuliahidiwa shilingi 2 kwa kifuniko. Nilifunga 9,400. Nimepewa 5,000 na "asante mama". Kwenye kibao wameandikwa mdhamini, msanii, msimamizi, halafu mwishoni "na jamii". Jamii ndiyo sisi, wanawake 11 wenye plasta vidoleni.

Nasikia Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Yangu ni 13,800 tu. Daftari la hesabu ninalo, idadi ya kila siku imeandikwa. Aliyewahi kwenda aniambie: mtu anaanzia dirisha gani, na je, sisi 11 tunaweza kwenda pamoja au kila mmoja na lake?