Mrejesho: bushi za amu za chini zimetoka

Wakuu, niliuliza kama kuna haja ya kununua kifaa maalumu cha kutolea bushi (raba zenye ganda la chuma) kwenye amu, yaani mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, za gari langu la mwaka 1974, au nyundo na kipande cha bomba vinatosha. Nimenunua kifaa, na sijuti.

Ni rodi nene yenye uzi, kikombe upande mmoja na sahani ya kusukumia upande wa pili. Ukikaza nati, bushi inasogea taratibu hadi inaingia kwenye kikombe. Grisi weka kwenye uzi wa rodi, la sivyo unakwisha haraka.

Kushoto kulikuwa rahisi. Kulia, weee! Kutu ilikuwa imeng'ang'ania: raba ikachomoka peke yake, ganda la chuma likabaki ndani ya amu. Hapo kifaa hakina cha kushika. Nilipitisha msumeno wa chuma katikati, nikalikata ganda kwa urefu nikiacha kabla ya kugusa amu, kisha tindo ikalikunja likatoka.

Kuingiza mpya nimetumia maji ya sabuni, maana grisi ya kawaida huvimbisha raba. Na aliyesema sahani isukume ganda la nje tu, ubarikiwe.

Bolti nimezikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza amu zikining'inia, raba inabaki imejisokota na itachanika mapema.

Mlio wa mbele umekwisha. Bado za nyuma, ila kikombe changu ni kidogo kwa hizo. Mwenye kikubwa cha kuniazima aseme.